Daftari la Kuamka la Mwalimu Qiu Yulan

Ndugu, majirani na wanafunzi mliofika, Mwalimu Qiu Yulan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Liugou, mkoani Gansu, mtoto wa pili wa mfyatua matofali, akajifunza Kiingereza kwa redio huku akilisha nguruwe, na mwaka 1978 akaingia chuo cha ualimu mjini Lanzhou.

Septemba 1982 alipangiwa sekondari ya hapa wilayani, akafundisha miaka ishirini na tisa, na tarehe 1 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Fan Zhongliang, mchemsha maji wa shule, wakajaliwa binti mmoja, Xiaorui, tarehe 9 Juni 1985.

Mnakumbuka kipindi cha kusoma kwa sauti, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, uwanja mzima ukipiga kelele maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka, vikiwemo vitenzi vinne vya kuamka, wake, awake, waken na awaken, vilivyokaririwa kwa mkupuo. Mwalimu alikomesha kelele hizo, akamtaka kila mmoja aeleze alivyoamka siku hiyo, aliamshwa na nani, alikaa macho kwa muda gani kabla ya kushuka kitandani, na mkuu wa shule alipomkemea kwamba vitenzi hivyo vina alama mbili tu kwenye mtihani, hakurudi nyuma, maana kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Ndivyo alivyogundua, Novemba 1991, kwamba mwanafunzi wake Ma Cuiping hakuamshwa na mtu kwa sababu hakulala kabisa, kwani baba yake alikuwa amepanga kumwachisha shule, basi Mwalimu akatembea kilomita kumi na moja, akaketi mlangoni kwa baba huyo na kumwambia, "Mzee Ma, siondoki hapa bila huyu mtoto," mpaka viazi alivyoandaliwa vikapoa na mzee akakubali.

Tarehe 3 Februari 2018 alipooza upande wa kulia, nasi wa nyumbani tukataka kumnyang'anya kalamu apumzike, akatufukuza chumbani, kwani daftari lake lililoeleza vitenzi hivyo kwa Kichina cha nyumbani lilikuwa halijaisha. Aliandika kwa mkono wa kushoto, mistari mitatu kwa siku, akamaliza Jumapili tarehe 6 Oktoba 2019, akafariki Jumatano iliyofuata, na tumelia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tambi tangu juzi, walimu wenzake, na Ma Cuiping, leo mwalimu wa Kiingereza, aliyelipiga chapa daftari hilo. Kwa agizo la marehemu, badala ya taulo ambalo kwetu hupewa kila aliyekuja msibani, kila mmoja atachukua nakala ya daftari mlangoni, na kesho asubuhi wanafunzi watasoma kama kawaida.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, sisi tuko macho.