Geti Lililoanguka Mabela

Bwana asifiwe, wapendwa wa ibada yetu ya Ijumaa! Mungu ni mwema, jamani, la sivyo leo mngekuwa mnanililia.

Mimi ni Mganda, nafanya kazi za nyumbani hapa Omani, mtaa wa Mabela, kwa Bi Zuwena, mama wa Kiomani anayeongea Kiswahili kitamu cha Unguja. Ananitunza vizuri. Lakini ndugu zangu, moyo wangu ulikuwa umechoka! Mimi ni mtu wa ndoto. Nilitaka kuwa mwimbaji, nionekane. Nikishika ufagio nawaza, nani atanijua hapa?

Jirani yetu ni Mmarekani, jitu la mtu, anafundisha michezo shuleni. Tunamwita Kocha. Zamani aliajiriwa kucheza ile futiboli ya kwao, ya kofia ngumu na kusukumana. Nikamuuliza alifunga mara ngapi. Akacheka. Hata mara moja! Kazi yake ilikuwa kusimama mbele, kuzuia watu wasimwangushe mwenzake mwenye mpira. Miaka yote hiyo mpaka magoti yakafa, akaachwa.

Nikamsimulia Bi Zuwena. "Loo! Mwanamme mzima vile, mpira hajaugusa? Akilipwa kwa kusimama?"

Tulicheka sana. Baadaye nikamwonea huruma, nikajionea na mimi.

Basi, upepo ukajaza mchanga kwenye reli ya geti letu, lile zito la chuma la kusukuma. Nikawa nalivuta kwa nguvu, Salma, mjukuu wa Bi Zuwena, yuko miguuni pangu. Likaruka reli. Likaanza kutulalia! Nikamkumbatia mtoto, nikaita, "Yesu!"

Halikufika chini. Nilipofumbua macho niliona mgongo mpana. Kocha! Alikuwa anapita kutoka dukani. Amechuchumaa, viganja kwenye geti usawa wa kifua, analisukuma kwenda juu.

"Toka, dada! Toka!"

Nikatoka na Salma. Mafundi wa nyumba inayojengwa jirani wakaja mbio wakalishika. Kocha akakaa mchangani, magoti yamegoma, analia huku anacheka. Akasema alidhani kazi ile ya kuzuia ilishamwishia, kumbe Mungu hakuwa amemtoa uwanjani.

Ndugu zangu, bado nataka kuimba, siwadanganyi! Lakini sasa nikishika ufagio nashukuru. Salma anapumua, na mimi napumua! Wewe unayejiona huonekani, mwamini Bwana. Hujui amekusimamisha mbele ya nani.

Leo nikija huku, Bi Zuwena kanipa sahani ya pilau, kaifunika vizuri. "Mpelekee kwanza yule wa kusimama," kaniambia. "Na leo mwambie akae, ale."