Miaka 36 ya Kukunja Gozi: Mama Efrazia Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mama Efrazia Bonaventura, mhudumu wa afya katika kituo chetu, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Muuguzi Nicodemo, kazi ya kuandika wasifu wake, ingawa kila mtu hapa anajua kuwa kiti hakinikalishi dakika kumi. Nimeandika vipande vipande, nikiinuka na kurudi. Mtanivumilia.

Mama Efrazia alianza kazi Mbulu mjini mwaka 1989. Alihamia huku Endasak mwaka 2001 juu ya lori la mahindi, godoro lake likiwa nyuma na mkasi wa kukatia gozi za vidonda ukiwa mapajani, kwa sababu hakukubali uchanganywe na mizigo. Amefanya kazi chini ya waganga wafawidhi saba, na wote saba amewafundisha ni bomba gani la maji lisiguswe.

Lakini wagonjwa wanamjua kwa jambo moja. Kila asubuhi alikaa kwenye meza ndogo kando ya benchi la wagonjwa wa nje, akikata gozi, kitambaa cha kufungia vidonda. Anakata, anakunja mara nne, anapitisha kiganja, anaweka juu ya kingine. Mkasi unasikika kidogo, kitambaa kinakwaruza kidogo, basi. Waliokaa karibu naye walianza kulegea mabega. Watoto wa chanjo walisahau walichokuwa wanalilia. Hata mimi nilisikia kitu kama ganzi tamu kikianzia kisogoni na kushuka mgongoni, na kwa mtu wa aina yangu hilo si jambo dogo.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka 2022 tulianza kupata gozi za pakiti, na mimi kwa haraka zangu nikaona ile meza inaziba njia. Nikashawishi ihamishiwe stoo ya nyuma. Mama Efrazia hakubisha. Ndani ya wiki mbili presha za wagonjwa wangu zikaanza kupanda. Nikabadilisha betri za mashine. Nikaazima mashine nyingine. Nikawasema wazee kuhusu chumvi, shikamoo yangu ikiwa haijajibiwa bado. Aliyenifungua macho ni Mzee Hhando wa Balangdalalu, mgonjwa wangu wa miaka mingi, ambaye alikataa kunipa mkono wake nimpime mpaka aambiwe yule mama wa kitambaa amepelekwa wapi. Meza ilirudi siku ile ile, na niliibeba mwenyewe. Wiki iliyofuata namba zikashuka, na betri zilikuwa zile zile.

Desemba 2023, tope la mlima lilipobomoa nyumba za Jorodom, mama mmoja kijana aitwaye Agatha alikuja kuishi kwa dada yake hapa Endasak. Alikuwa akija kusafishwa kidonda cha mguu. Lori likipita barabarani, anasimama. Mvua ikigusa bati, yuko mlangoni. Tulimpa maneno mengi ya faraja, hasa mimi, na hayakumsaidia kitu. Mama Efrazia alivuta kiti karibu na meza yake, akamwonyesha akae, akaendelea na mkasi. Siku ya tatu Agatha alisinzia pale pale, kichwa ukutani, huku mvua inanyesha. Kidonda kilipona Februari, lakini aliendelea kuja.

Mwezi uliopita Agatha aliomba airekodi ile sauti ya mkasi na kitambaa kwenye simu, abaki nayo. Rekodi ya kwanza iliharibiwa na kalamu yangu niliyokuwa naibonyezabonyeza. Ya pili iliharibiwa na viatu vyangu. Ya tatu walinituma Katesh kufuata dawa ambazo, nilipofika, niligundua hakuna aliyeziagiza. Nikarudi nikakuta wana dakika arobaini safi kabisa.

Miaka yote hii tuliamini kwamba Mama Efrazia ndiye mtu mtulivu kuliko wote katika kituo hiki. Wiki iliyopita nikamtania kwamba sasa atalala mpaka saa nne asubuhi. Akaweka mkasi chini. Vidole vyake vikaanza kuhangaika juu ya meza, vinagonga, vinarudi, havijui pa kutua.

"Naogopa Jumatatu, Nicodemo," alisema. "Mnafikiri nawatuliza ninyi. Mimi mwenyewe sijui kutulia bila kitambaa mkononi, na nyumba yangu haina mtu tangu mzee wangu afariki."

Niliumia. Nimefanya kazi naye miaka kumi na minne na sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo kamati imefuta zawadi ya sofa, na wenye sofa wameshapigiwa simu. Vidonda vikubwa bado vinahitaji gozi pana ambazo pakiti hazina. Mganga mfawidhi amekubali kitambaa kiwe kinapelekwa nyumbani kwake kila Jumatatu, kisha kirudi hapa kusafishwa kwa mvuke kama kawaida. Atakayekipeleka anakaa naye mpaka kiishe. Zamu zimebandikwa ukutani. Agatha amejiandikisha mara mbili kwa mwezi, Mzee Hhando anataka aje hata asipopangwa, na wauguzi wawili wamegombania Jumatatu ya Krismasi mpaka wakaonyeshwa kalenda kwamba mwaka huu Krismasi ni Alhamisi.

Mama Efrazia, tunakushukuru kwa kila kipande ulichokunja na kwa kila mtu aliyelala kwenye benchi letu bila kujua kwa nini. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi kwa maharage yako, na miaka mingi yenye raha. Jumatatu saa tatu asubuhi usifunge mlango. Tunakuja kukaa.