Fundi Mwanga na Picha za Mama Zilizofinywa

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mwanga, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akajifunza kupiga picha kwa mjomba wake, na mwaka 1983 akafungua studio yake: chumba kimoja, pazia la bluu na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Alikataa kukitengeneza. Alisema kikitikisika, mteja hucheka mwenyewe.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, ambaye kiti hicho hakikumchekesha hata kidogo.

Kompyuta zilipoingia, marehemu alijifunza upya akiwa tayari na mvi. Alitufundisha kwamba faili hufinywa, yaani hubanwa ili ichukue nafasi ndogo, kwa namna mbili. "Ya kwanza ni kukunja shati," alisema. "Ukilikunjua, liko vilevile. Ya pili ni kulikata mikono ili litoshe kwenye sanduku." Picha iliyofinywa kwa namna ya pili huonekana nzima kwenye simu, lakini ukiikuza au kuing'arisha, miraba midogo hujitokeza. Na kila ukiihariri na kuihifadhi tena, inazidi kupungua. Ndiyo maana hakugusa picha halisi, alihariri nakala.

Mama alifariki tarehe 11 Juni 2017. Baba alitaka picha moja kubwa ya mama ukutani. Alipofungua faili na kuikuza, shavu la mama lilikuwa miraba mitupu. Baba mdogo, mshirika wake katika studio, alikuwa amezifinya picha zote na kufuta zile halisi ili apate nafasi ya video za harusi.

"Kaka, zipo zote. Hakuna iliyopotea."

"Zipo, mdogo wangu. Mikono iko wapi?"

"Mbona kwenye simu zinaonekana safi?"

"Kwa hiyo shemeji yako nimtundike ukutani akiwa ndani ya simu?"

Hakugombana naye. Ila tangu siku hiyo ufunguo wa studio ulikaa mfukoni mwa marehemu, na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kamera, akawa anapiga hodi kama mteja.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua marehemu. Baba mdogo ndiye aliyempeleka hospitali, na huko alimwomba radhi. "Nimekusamehe," marehemu alimjibu. "Lakini ungeniuliza." Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024.

Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki, akiwa na mama, ni mojawapo ya zile zilizofinywa. Ukungu mnaouona si kosa la mchapaji.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake mkubwa na mdogo wake. Kuna aliyependekeza baba mdogo aondolewe hapa, na sitaficha kwamba nilisita. Lakini marehemu hakupenda kitu kipunguzwe bila mwenyewe kuulizwa. Kwa hiyo yumo.

Apumzike kwa amani, nasi tumkumbuke bila kupunguza kitu.