Feni ya Mzee na Jua la Kuchomeka

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mlangoni pa fundi cherehani. Asubuhi kivuli hufunika ubao mzima. Jua likipanda, wenye kijiwe husogeleana, na ikifika adhuhuri wamebanana upande mmoja kama nguo sandukuni. Hapo ndipo ubishi hukolea, maana mtu akishabanwa mbavu, kinachobaki na nafasi ni mdomo. Fundi wanamwita Sentimita, kwa kuwa hakati kitambaa mpaka akipime mara tatu. Siku hiyo alitoka nje na kipeperushi mkononi, akaketi, na hakuagiza kahawa. Mnywaji asipoagiza kahawa, ujue pana jambo.

— Shangazi, mmiminie huyu kwanza, — alisema Kipaza, muuza chaja na waya za simu, ambaye jina alilipata kwa sauti yake. — Ana sura ya mtu aliyeharibu gauni la bibi harusi.

Shangazi, mwenye birika, alikuwa ameshammiminia.

— Nataka kununua sola, — alisema Sentimita. — Hizi mpya. Hakuna kupanda paa. Unaitundika ukutani penye jua, unachomeka waya wake kwenye soketi kama unavyochomeka pasi, basi. Nyumba inakula umeme wa jua kwanza, ule wa kununua baadaye. Ukitaka unaongeza na betri. Bili inashuka.

— Kwenye soketi? — Kipaza akacheka. — Bwana wee, soketi ni mdomo wa birika. Chai hutokea pale. Sasa wewe unataka kuirudisha chai ndani kwa kupitia mdomo uleule?

Profesa akavaa miwani. Huyu alikuwa karani, akastaafu, na tangu hapo husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata za kufungia sabuni.

— Umeme hauna pa kuingilia wala pa kutokea, — alisema. — Unakwenda unakotakiwa. Waliosema mwenye nguvu mpishe walikuwa wanazungumzia volti.

— Waliosema hivyo walikuwa wanaogopa kupigwa, Profesa, — alidakia Kipaza.

— Nyamaza ujifunze. Mita ikiona umeme unarudi, itaanza kuhesabu kinyumenyume. Itarudi mwezi uliopita, mwaka uliopita, mpaka siku nyumba ilipojengwa. Hapo watu wa umeme watakuja wenyewe mlangoni kumwomba fundi msamaha.

— Mimi hofu yangu ni nyingine, — alisema Kipaza, naye sasa amepamba moto. — Leo fundi anaweka moja, kesho jirani yake, keshokutwa mtaa mzima. Jua ni lile lile moja! Tukilinyonya wote, si magharibi itaingia saa tisa alasiri? Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali umeivaa kinyume, mishono iko nje, — alisema Sentimita.

Ubao ukatikisika kwa kicheko, ila yeye mwenyewe hakucheka, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Shangazi aliliona hilo.

— Mwanangu, — alisema, — bili tunalipa sote, tunalalamika sote, na kahawa tunakunywa. Wewe una nini?

Sentimita akakikunja kipeperushi, akakikunjua.

— Si bili, Shangazi. Ni mzee wangu.

Wote walimjua mzee huyo. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mkewe, na alikuja na begi moja na moyo mgonjwa.

— Chumba chake kina bati bila dari, — alisema Sentimita. — Mchana mle ndani ni tanuri. Nikamnunulia feni. Juzi nilisahau mkasi nyumbani, nikaurudia saa kama hizi, nikaingia bila hodi. Nikamkuta ameketi kitandani, fulana imelowa chapachapa, feni imezimwa, anajipepea kwa kiolezo changu cha kola, kile cha boksi. Nikamwuliza, baba, vipi feni? Akasema upepo wake unamuuma mabega.

— Wazee ndivyo walivyo, — alisema Profesa.

— Sasa mbona kila nikirudi jioni naikuta inazunguka? Nimeambiwa na jirani. Mzee akisikia hodi yangu ndipo anapoinuka kuiwasha. Nikiondoka asubuhi, anaizima.

Kipaza akaweka kikombe chini.

— Na moyo ule, — alisema Shangazi. — Si daktari alikataza joto?

— Alikataza. Ndiyo maana nataka sola. Nimwambie, baba, hili ni jua, halina mwenyewe, washa mpaka uchoke. Sijui tu nichukue na betri au niache. Nikikosea hapa sina pa kushonea kiraka.

— Chukua na betri, — alisema Kipaza, sauti imeshuka. — Tena ile kubwa.

Profesa alikuwa amekichukua kipeperushi, anasoma kwa kidole.

— Hapana. Betri ni ya mwenye kuhitaji umeme jua likishazama. Mzee anaungua mchana, na mchana jua lipo. Paneli peke yake inamtosha. Lakini wameandika hapa, umeme wa mtaani ukikatika na hii paneli inajizima. Usije ukamwahidi mzee kitu asichokipata.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, — alisema Kipaza.

— Hiyo na betri vinahusianaje?

— Havihusiani. Imenijia tu.

Muda huo wote alikuwa amesimama pale dada mmoja, mfuko mkononi, juani, kwa sababu kivulini hapakubaki hata pa kuegemea.

— Habari za hapa? Samahani, kaka fundi. Nimefuata sketi yangu, na masikio hayana mlango, nimesikia. Hiyo sola inakuja lini?

— Mwezi ujao, dada, Mungu akijalia.

— Na feni yenyewe inakula umeme mwingi hivyo?

Profesa akageuza ukurasa. Palikuwa na orodha ya vyombo vya umeme na ulaji wake. Akasoma, akasafisha miwani kwa shati, akasoma tena.

— Pasi moja, — alisema taratibu, — inakula kama feni ishirini.

Hakuna aliyemtazama Sentimita. Dukani hamna nafasi ya meza ya pasi, na kila mtu pale alijua kwamba kila jioni fundi hubeba kazi za wateja kwenda kuzinyoosha nyumbani.

— Sasa nani alimwambia mzee azime? — aliuliza yule dada.

Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia njia. Profesa akavua miwani.

Hakuna aliyemwambia mzee azime, hakuna kabisa! Ila kila bili inapoingia kwenye simu, Sentimita husimama ukumbini na kusema kwa hasira: “Hivi nani anakula umeme humu ndani?” Huziambia kuta, kama mtu anayepiga chafya, kisha husahau. Nyumba yenyewe ina watu wawili. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akainuka.

— Dada, sketi iko tayari. Imebaki pasi tu.

— Nitaivaa hivyo hivyo, kaka. Nenda.

— Utamwambia nini? — aliuliza Profesa.

— Kwamba ni pasi. Kwamba ni mimi.

Shangazi akainamisha birika kikombeni mwa Kipaza, yakatoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyelalamika.

Sentimita alishika njia ya nyumbani kwa haraka, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Huyu ni mtu ambaye sauti yake haijawahi kuvuka mlango wa duka. Lakini alipofika kwenye kona, nyumba bado iko mbali, wale wa ubaoni wakamsikia akipiga kelele kwa nguvu zake zote, hodi, hodi baba, nimerudi, ili feni ianze kuzunguka kabla yeye hajafika.