Kilio Nilichokifunga Mapema

Yambo yenu wote. Yambo kwa kina mama mlioketi mbele, na yambo zaidi kwa ninyi wanaume wa nyuma, mlioletwa hapa na wake zenu kama mbuzi wanaokwenda sokoni. Nawaona. Wewe uliyekunja mikono, kunja tu, mimi pia nilikunja. Sheria ya kikao hiki ni kwamba hatutaji jina la mtu, basi hata langu silitaji, ingawa wengi mnalijua, maana limeandikwa kwenye milango ya malori yangu.

Nimeombwa nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe, sikumtuma mwalimu. Shule yangu iliishia katikati ya primeri, na leo wenye diploma wananipigia magoti wapate kazi, na wengine nawakatalia kwa raha zangu. Nilifika Kolwezi nina koleo na shati moja. Nilichimba, nikaanza kununua madini ya wenzangu, nikafungua depo, nikanunua lori, lori likazaa lori. Nyumbani kwangu mna vigae mpaka jikoni. Nasema haya ili mjue kwamba aliyeanguka si mtu wa kuanguka ovyo.

Mungu alinipa watoto wawili. Wa kwanza mvulana, wa pili msichana. Yule mvulana alikuwa anamaliza sekondari, Kifaransa kilimtoka kama maji, na mikono yake ilikuwa laini. Mikono ile niliicheka kila siku mezani, mbele ya wageni. "Muangalie mikono ya madamu," nilisema. "Kwa miaka yake mi nilikuwa chini ya udongo nakula vumbi. Yeye anakula bukari yangu tu." Watu walicheka. Mimi ni mtu wa kuchekesha, hata leo mtaona.

Siku moja aliacha mkoba wa shule kwa rafiki yake, akaingia shimoni pamoja na wale vijana wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi hii. Udongo ukashuka. Walipomtoa kesho yake, mikono haikuwa laini tena. Alikuwa amekwangua kutafuta njia ya juu mpaka kucha zikabaki mle ndani.

Mnajua kilio chetu kinavyokaa. Watu wanakuja kwa mfiwa, wanawake wanakaa ndani juu ya mikeka, wanaume wanakaa nje kwenye moto, na mwenye msiba ndiye anayefungua na ndiye anayefunga. Walikuja wengi kwangu, sikatai, mtu mkubwa hafiwi na watu wachache. Lakini mimi kwenye ule moto sikukaa. Nilizunguka nikipanga magari na kufokea wapishi. Tuliporudi kutoka makaburini nilisimama barazani nikatangaza kwamba kilio kimefungwa.

Mjomba wa mke wangu alinivuta pembeni. "Tata, mama ya mutoto hajalia bado. Eko anakauka tu pale."

"Atalia wakati gani?" nikamwambia. "Lori zangu ziko mupakani Kasumbalesa, zinaningoja. Mutu akikufa, amekufa. Mukung'ute mikeka, muende kwenu."

Wakakung'uta, wakaenda. Nilisikia wakisema barabarani kwamba nina roho ngumu, nikaona wananisifu.

Sasa sikilizeni nyumba ikawaje. Mke wangu alianza kulia jikoni, mbele ya sufuria yake ya sombe. Mimi nikipita nasema, "Bomba limepasuka tena? Nani ataita fundi?" Akajifunza kulia chooni huku amefungulia maji. Na yule msichana akanyamaza. Hakuninyamazia mimi peke yangu, alimnyamazia kila mtu, shuleni na nyumbani. Ukimwita anakuja, ukimtuma anaenda, mdomo umefungwa. Mimi nikasema ni kiburi. Nikamwambia hapati chakula mpaka aseme "naomba". Hakusema. Alikaa pale akitazama sahani yangu, nami nikala yote nikamaliza, nikalamba na vidole.

Kisha tukampeleka kwenye chumba cha maombi. Mwombaji akasema ana pepo bubu. Alimpiga kifuani kwa kiganja, akamfungisha chakula, akamfokea sikioni kwa lugha tusizozijua. Mtoto alitoka mle amekonda kama fimbo, na bubu vilevile. Siku hiyo mama yake alimshika mkono, wakaenda zao kwa shemeji yangu kule Kapata, kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi wa zamani, ambako jirani anasikia hata kijiko chako kikianguka.

Shemeji yangu akaja kwangu, hakutaka hata kukaa. "Shemeji, dada anasema hivi. Mutoto utamuona kwa nyumba ya washauri wa familia tu, kwingine hapana. Na kama kule hakuna kitu itabadilika, tunamupeleka kwa nyanya yake, mbali, na weye hutajua njia."

Nilikwisha zika mmoja. Sasa wa pili alikuwa anaondoka akiwa hai.

Nilikwenda, lakini nilikwenda kama mtu anayekwenda kudai mali yake. Nilivaa viatu vya kung'aa na tai. Nikamkuta mshauri, msichana tu, amevaa raba, chumba cha viti vya plastiki, feni haizunguki. Nikamwangalia juu mpaka chini.

"Mademuazeli, weye umeolewa?"

"Hapana, Tata."

"Uko na batoto?"

"Hapana, Tata."

"Sasa utanifundisha nini?"

"Sifundishi, Tata. Ninauliza tu. Leo unasikia nini?"

Nikatega masikio. "Nasikia jenereta ya jirani. Na mutu anapiga nyundo."

Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu makaburini, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Umemuona?" akamwambia mshauri. "Unauliza roho, yeye anajibu na masikio. Mi ninaishi na hii kitu."

Ndugu zangu, nawaambia, wale watu wana njia zao. Kwanza wanamsikiliza kila mmoja peke yake, kisha mume na mke, kisha nyumba nzima. Na kuna sheria kwamba mwenzako akisema, hujibu mpaka amalize. Sheria hiyo ilinitoa jasho kuliko shimo lolote nililochimba. Nilipokuwa peke yangu na yule mshauri nilimweleza malori yangu, moja baada ya jingine, na barabara zake na madereva wake. Alisikiliza mpaka la mwisho. Halafu akaniuliza mwanangu alipenda kula nini. Sikujua. Nimemlisha miaka yote hiyo na sikujua.

Siku ya nyumba nzima, mshauri akamwambia msichana, "Hulazimishwi kusema. Chukua viti, weka kila mutu pale anakaa kwenu, si kwa vigae, kwa roho."

Mtoto akaweka cha mama ukutani. Chake akakiweka karibu. Katikati yao akaacha kiti kitupu, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Kisha akabeba changu. Akapita nacho mlangoni, akavuka kibaraza, akakiweka nje juani, karibu na kuku wanaochakura. Akanioneshea kidole: kaa.

Nikamtazama mshauri, nikijua atamkemea. Akasema, "Tata, kaa pale mutoto amekuweka."

Nikakaa! Mimi, na tai yangu! Mama mmoja mwenye beseni la mandazi akapita njiani. "Tata, unangoja nani? Wamekusahau?" Dereva wangu mmoja wa zamani, niliyemfukuza mwenyewe, akapita na pikipiki, akapunguza mwendo ili afaidi. "Patron! Leo weye ndiye umefukuzwa?" Kuku akaja akadonoa kamba ya kiatu changu.

Nilikaa. Mlango ulikuwa wazi. Nikaona mke wangu ameteleza kutoka kwenye kiti, amekaa chini sakafuni, na binti amekaa chini karibu naye. Wanawake ndani, chini. Mwanaume nje. Ndipo nilipojua nimekalishwa wapi. Ulikosekana moto tu.

Mshauri akasimama mlangoni. Yule msichana wa raba, asiye na mume wala mtoto. "Tata, kilio ulikifunga weye. Hakuna mwingine anaweza kukifungua."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Kimefunguliwa."

"Hawasikii kule ndani."

"Kimefunguliwa!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

Mke wangu akalia. Nilidhani najua kilio cha mwanamke, nilikuwa sijui kitu. Mjumbe wa mtaa alikuja mbio kuuliza nani amekufa, na mimi nikamjibu, "Mutoto wangu," kana kwamba ni siku ile walipomtoa shimoni.

Na katikati ya kelele hiyo ikatoka sauti nyingine, imekwaruza kama mlango wenye kutu.

"Mama, mi nilijua."

Mke wangu akakatisha kilio, akamgeukia.

"Aliniambia anaenda shimoni," akasema binti yangu. "Akanipa biskuti nisiseme. Nikakula."

Mama yake akamtazama. Ninyi nyote hapa mnamhurumia mama huyu, nami namhurumia, lakini nimekuja kusema kweli. Alimtazama mtoto yule mkavu, aliyebaki, akamwambia, "Kumbe ni weye ulimuua."

Niliuona mdomo wa binti ukianza kujifunga tena. Nimeona mashimo yakijifunga, najua kunavyokuwa kabla udongo haujashuka, mchanga kidogo tu, unamwagika polepole. Nikamgeukia mshauri. Alinitazama mimi. Basi nikainuka, nikaingia bila ruhusa, nikasimama katikati yao.

Nikasema, "Ile nyumba yetu, kila kitu kimo ndani ni miye nilileta. Sofa, frigo, televizyo, mi. Na kile kifo pia mi nilileta, kwa hii mudomo yangu. Ni yangu. Musimupe mutu mwingine."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya toba, ndugu zangu, na hata ndani yake nilijivuna. Sikuwa na maneno mengine.

Mke wangu akavua kandambili akanipiga nayo. Usoni, shingoni, kwenye tai. Hakuwa anacheza. Mshauri alimwacha kidogo, nafikiri alimwacha zaidi ya anavyoruhusiwa, ndipo akaenda kumshika. Lakini aliyemzuia hakuwa yeye. Ni mtoto. "Mama, acha. Ataumia." Nikaanguka pale sakafuni, nikalia mpaka kamasi zikajaa kwenye tai, na hakuna aliyenipa kitambaa.

Msidhani tulitoka pale tumeshikana mikono. Lile neno ambalo mke wangu alimwambia binti halikurudi mdomoni. Wawili hao walirudi kwa mshauri peke yao, mara nyingi, bila mimi, na yaliyosemwa huko siyajui wala siulizi. Mimi nilirudi peke yangu nikaambiwa nieleze kijana wangu alivyokuwa, bila kutaja malori. Mwanzoni nilimaliza upesi mno. Ilinibidi nikaulize kwa rafiki zake, pamoja na yule aliyemwachia mkoba. Wakaniambia alipenda samaki wa kukaanga na pilipili, na kwamba aliniigiza vizuri sana, sauti yangu na tumbo langu, watu wakagaragara kwa kicheko.

Walirudi nyumbani. Mke wangu mpaka leo analala chumba cha binti. Mezani nikianza mzaha wa kumkata mtu, ananyanyua sahani yangu na kuipeleka kibarazani, nami najua maana yake, nafuata sahani.

Nashukuru. Namshukuru shemeji yangu, aliyenitisha bila kunidanganya. Nawashukuru kina mama wa Kapata, ambao tuliporudia kilio nyumbani walikuja na mikeka yao tena, ingawa mara ya kwanza niliwafukuza, na walinisema humo humo ndani ya vigae vyangu. Namshukuru mademuazeli wa raba. Nilitaka kumpa zawadi kubwa, akakataa, akaniambia nije hapa niseme.

Basi nasema, hasa kwenu ninyi wa nyuma mliokunja mikono. Mnafikiri mtu akilia nyumbani kwako anakudharau. Unamnyamazisha, naye ananyamaza, unasema umeshinda. Usijisifu. Machozi uliyoyakataza yanakaa kwa mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu yeye hana pa kuyapeleka. Ukiona hapa pana viti vya plastiki na msichana asiyeolewa, ingia tu. Atakachokuuliza utakijibu vibaya. Mwache akuulize tena.

Juzi nilimkuta binti amekaa mlangoni na kitabu. Nikasimama mbele yake, nikamwuliza kama amekwisha nisamehe.

"Bado, Papa," akasema, bila kuinua macho. "Na usogee. Unanizibia mwangaza, niko nasoma."

Nikasogea. Nilikwenda mpaka kwenye lori, nikapanda, nikafunga kioo, nikalirudia lile neno lake, bado, bado, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, mpaka dereva akaniuliza kama nina homa.