Balilisha Motere ya Papa Mafuta ya Ng'ombe

Bapapa, bamama, bandugu bote ba hii likelemba yetu ya kuchangiana feza, musamehe mapema. Prezida wetu aliniambia niongee mufupi na niongee na heshima. Mufupi nitajaribu. Heshima, tutaona, juu ile kitu nakuya kuwaelezea, kila nikiikumbuka tumbo inataka kupanda mu shingo. Mama ule mwenye kuwa na andazi mu mukono, maliza kwanza kula. Maliza tu, Mama, nakungoja. Bon. Umemeza? Tuanze.

Wengi hapa munanijua. Mi njo ule kijana wa Nyamitaba, hapa Masisi, mwenye anabebaka maziwa na fromage, ile jibini ya kwetu, na kale kagari kadogo ka rangi ya maharagi. Masomo yangu iliishia ku primaire, kwa hiyo mukisikia naongea vibaya, muulize mwalimu wangu, yeye alikuwa anapokea mushahara.

Ile gari haiko yangu. Iko ya Papa. Munajua kwetu: mutoto mwanaume akikomaa, muzazi anamuwekea ng'ombe ya mahari. Papa alikuwa ameniwekea. Kisha akaona biashara ya maziwa inahitaji gari, akauzisha bale ng'ombe, akanunua kagari, akaniita mbele ya Mama.

"Mutoto yangu," akasema, "ng'ombe yako njo hii, iko na mapira mu nafasi ya miguu. Uichunge. Ikiishi, itakuoesha. Ikikufa, utaoa mulango."

Muelewe vizuri, ndugu zangu. Motere ikikufa, ndoa yangu inakufa. Ile njo muzigo nilikuwa nabeba kila siku, kushinda fromage.

Sasa, muchumba wangu iko na mujomba. Papa mukubwa, wa koti na kofia, mwenye duka kule Walikale, anauzisha misumari na mabati. Kwa ile familia neno ya mwisho iko kwake. Alikuya kututembelea Masisi, akala, akakunywa maziwa, tukangoja aseme ndiyo. Hapana! Akapanguza midomo, akasema: "Maneno ya mu salon siisikilizake. Huyu kijana anirudishe Walikale na gari yake. Nitamuona mu barabara."

Papa akanivuta pembeni. "Walikale iko joto, haiko kama huku kwetu. Badirisha mafuta ya motere mbele ya kwenda. Na utafute yenye kuwa nzito."

Nikaenda ku parkingi asubui. Baridi ile ya kwetu, ukungu mupaka mu mifuko ya suruali. Mu duka kulikuwa bidon za mafuta ya motere zenye kufungwa vizuri, na maandishi, na namba. Nikazipita. Juu gani? Juu kulikuwa mundugu moja pembeni ya barabara, siseme jina, yeye mwenyewe anajijua, alikuwa amepanga mafuta mu machupa ya maji. Akaniita: "Kijana! Unashuka Walikale? Ile ya mu duka iko nyepesi kama machozi. Hii yangu njo ya joto. Angalia uzito!"

Sasa musinicheke, juu na nyinyi mungefanya vile vile. Sisi bantu ba ng'ombe, kila kitu yenye kumwangika tunaipimaka na ukucha. Muntu akikuletea maziwa, unatonesha ku ukucha ya kidole gumba. Tone ikikimbia, alichanganya na maji. Ikisimama, iko maziwa ya kweli. Nikatonesha yake mafuta. Ndugu zangu, ilisimama! Ilikaa pale ku ukucha kama chefu wa kijiji mu kiti yake. Nikainamisha kidole, haikutembea.

"Unaona?" mundugu akasema. "Hata tone moja ya maji haiko ndani."

Na ile ilikuwa kweli. Maji haikukuwa.

Kunusa sikunusa. Nilikuwa na mafua, pua ilikuwa imefungwa kama ofisi siku ya Jumapili. Nikarudi ku nyumba, tukamwanga mafuta ya zamani, tukatia ile. Papa akauliza: "Umeipima?"

"Nimeipima, Papa."

"Na nini?"

"Na ukucha."

"Vizuri," akasema, na akaenda kukamua.

Tukashuka. Mujomba mbele na kofia yake, fromage nyuma. Barabara ilikuwa imekauka, Mungu alitusaidia. Mu milima yote ilikuwa sawa. Lakini munajua vile inakuwaka: unaacha majani ya ng'ombe, unaingia mu pori, joto inakukumbatia kama shangazi mwenye hamukuonana siku mingi. Jasho ilianza, na pua yangu ikafunguka. Ingebaki tu imefungwa!

Mujomba akageuza kichwa. "Kijana, kuna muntu anakaanga nyama mu hii gari?"

"Hapana, Mujomba. Labda ni kijiji yenye tunapita."

Tukaenda. Akanusa tena.

"Hii kijiji yako, mbona inatufuata?"

Nikafungua dirisha. Harufu nayo ikabadirika. Mwanzo ilikuwa nyama ya kukaanga, unaweza hata kutafuta chumvi. Kisha ikakuwa kama sufuria yenye ulisahau mu kona na mafuta ya jana ndani. Kisha ikakuwa kama ngozi mubichi yenye ilianguka mu moto. Moshi ya buluu ikaanza kutoka nyuma. Mbwa bakatoka mu manyumba, bakatufuata na mikia juu, bakafurahi, bakaitana! Batoto bakakimbia bakapiga kelele: "Brochette, nyama ya kuchoma, inapita! Simama, Papa Brochette!" Ku barrière moja ya barabara, ule mwenye kushika kamba akaingiza kichwa mu dirisha, akanusa, akasema: "Mumechinja. Mutoe yetu." Nikamwambia hatukuchinja. Akaangalia mujomba, akaangalia mi, akasema: "Basi ni nani kati yenu alikufa?" Akateremusha kamba haraka, tuende na uchafu yetu.

Mujomba alifunika pua na kofia. Ile kofia ya heshima! Nilisikia haya mupaka mu masikio.

Halafu nikasikia kitu ingine. Tak, tak, tak, tak. Kakelele ka chuma, kama muntu anagonga mulango toka ndani ya motere. Mbele yangu kukawaka kataa kekundu, kale kenye picha ya kabirika.

"Hiyo inasema nini?" Mujomba akauliza.

"Inasema chai iko tayari, Mujomba."

Hakucheka. Na mi sikucheka. Mudomo yangu inaongeaka yenyewe nikiogopa. Kale kabirika kanasema mafuta haifiki tena mu motere. Chuma inakula chuma.

"Kanyaga," Mujomba akasema. "Walikale iko pale pale, mu duka bantu bananingoja. Kanyaga, tutafika."

Ndugu zangu, nawaambia, pale njo niliona maisha yangu yote. Huku motere ya Papa inalia. Huku mwenye kunipa bibi anaamuru. Nikikanyaga, naua ng'ombe ya Papa. Nikisimama, nakatalia mukubwa mbele ya uso yake, siku yenye alikuya kunipima. Ni nani atanipa binti kisha ya ile?

Nikazima.

Mbwa tu njo bakafika, bakakaa, bakangoja.

"Umezima?" Mujomba akauliza.

"Nimezima."

"Na mi niko ndani?"

"Na wewe uko ndani, Mujomba. Nikikanyaga, motere itakufa, na nitakuwa nimeiua juu ya kukufurahisha. Ukitaka kunikatalia mutoto wenu, unikatalie. Lakini motere ya Papa siiui."

Alishuka, akafunga mulango paa! Nikasema mu roho: kwisha, nimeoa mulango. Nikaanza kusukuma mi peke. Bamama benye balikuwa banatoka mu shamba na mihogo bakatua vikapu, bakasukuma na mi, banatema mate, banasukuma, banauliza mbona tunasukuma maiti. Na mara nikasikia gari imekuwa nyepesi. Kugeuka, Mujomba. Koti yake, viatu yake ya mungaro, mabega ku gari, anasukuma.

Tukafika kwa fundi moja pale mbele ya muji. Ule fundi iko na mudomo mukubwa kushinda wangu, anasifiaka mikono yake mwenyewe kama redio. Alikuya anaimba, akafungua kifuniko ya mafuta, wimbo ikakatika. Alirudi nyuma mupaka akagonga ukuta.

"Papa! Hapa ndani mulipika nini?"

Akalegeza kizibo ya chini. Ile yenye ilitoka kwanza ilikuwa maji meusi, nyepesi kama chai ya hospitali. Akatoa ile bakuli ya chini ya motere. Mama, hii njo niliogopea andazi yako. Ndani kulikuwa mapande. Mapande ya mafuta yenye kugandana, nyeusi juu, njano ndani, inateleza, inanuka machinjio. Ilikuwa imebandikana ku kachujio kenye pampu inavutia mafuta, imeziba kote. Fundi akapitisha kidole, akainua ku mwangaza. Manyoya! Manyoya mafupi, mekundu, ya ng'ombe! Mu motere, ndugu zangu! Nilikimbia nyuma ya nyumba, nikatapika maziwa yote ya asubui.

Niliporudi fundi akanielezea. Kuna bantu banaokota mafuta meusi yenye imeshatumika, ile bashofere banamwanga, banaichuja na kitambaa, banaipika na mafuta ya nyama yenye bantu ba machinjio banatupa. Mu baridi ya Masisi inagandana, unafikiri iko nzito. Ikikuta joto ya motere, inayeyuka, inakuwa maji, kisha inaungua na kuziba njia.

"Lakini niliipima na ukucha!" nikalalamika.

"Ukucha?" Fundi akashika kiuno. "We kijana, motere haikamuliwake! Motere inachemka. Kitu ya moto unaipima na moto. Tia kidogo mu kijiko, weka juu ya mbabula, jiko ya makala. Ikinuka jikoni, ikitoa povu na kupasuka, rudishia mwenyewe, aitie mu mboga yake ya sombe. Na hata ikipita pale, bado, nunua bidon yenye kizibo haijafunguliwa."

Kisha akanionyesha namba ku bidon, na hii muikamate, juu inafaa kushinda maneno yangu yote. Namba iko mbili. Ya mbele, yenye kufuatwa na W, inaonyesha vile mafuta inakimbia asubui na baridi. Ya nyuma inaonyesha vile inasimama motere ikipata moto. Kagari kazee kama ketu, kenye kulala baridi Masisi na kushuka joto ya Walikale, alikachagulia 15W-40. Akasema kama kangelala Walikale siku zote, hata 20W-50 ingefaa. Lakini kwanza kitabu ya gari, juu kuna gari ya sasa zenye kukunywa nyepesi, na ukizilazimisha nzito unaziumiza. Nzito haiko kusema nzuri. Mi nilikuwa nafikiri iko vile maisha yangu yote.

Akasafisha bakuli, kachujio, njia zote. Akaweka filitre mupya ya kuchuja mafuta. Akatia mafuta kidogo ya kusukutua, akamwanga, akatia ile ya kweli. Akaniambia: washa.

Nilishika ufunguo kama muntu anashika mukono wa mugonjwa. Nikawasha. Kabirika kakawaka... kakazimika. Tukasikiliza. Fundi, bamama ba mihogo, Mujomba, bote shingo mbele. Hakukuwa tak. Hakukuwa tak! Mama moja akapiga kigelegele kama vile mutoto amezaliwa.

Mujomba akapanguza mikono ku koti yenye ilikuwa imeshaharibika. Akakuya ku dirisha yangu.

"Nilikuwa nataka kuona kama unajua kukimbia," akasema. "Benye kujua kukimbia bako mingi, hata mbuzi inajua. Lakini ulizima, na mi mukubwa niko nakuamuru. Mutoto wetu akilia mu nyumba yako, naona utasimama. Mwambie baba yako nimesema ndiyo."

Mupige makofi, murefu kidogo, ilinigharimu tumbo yangu.

Niliporudi Masisi, nikaenda kwa ule mundugu wa machupa. Nikamwelezea yote: moshi, mbwa, manyoya. Munajua alijibu nini? "Lakini ulifika, ao hukufika?" Ulifika! Na nyuma yake, ku moto, sufuria ilikuwa inachemka. Ile sufuria, bandugu, njo inapikiwa motere za gari zenu, na bamama benu banapanda mu zile gari na batoto ku mugongo. Akuwe hapa ndani leo ao asikuwe, namwambia: unanuka. Haiko nguo. Wewe.

Kwa hiyo naomba likelemba ikubali kitu moja. Mafuta yenye kutoka mu motere hapa ku parkingi, isitolewe kwa muntu. Ipakwe ku miti ya lupango, ule uzio ya ng'ombe, muchwa ikimbie, mbele ya macho ya bote.

Nashukuru bale bamama benye balitusukuma na hatukuwajua hata jina. Nashukuru fundi na mudomo yake. Nashukuru Papa, mwenye hakunipiga, alikata tu ukucha yake ya kupimia mbele yangu. Nashukuru Mujomba, juu ya koti.

Na vijana, hii njo yenu: kale kataa kekundu kakiwaka, zima, hata kama mwenye kukaa pembeni yako ni nani. Mukubwa akikasirika, atapoa. Motere ikikasirika, haipoake.