Asilimia za Kumrudisha Mtoto

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la vipuri, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo upuuzi wote unapita masikioni mwangu bure. Jioni ile mada ilikuwa mtoto wa Beringi. Beringi ni fundi wa pampu za maji. Mashine zake haziharibiki ghafla, maana kila zamu anapima joto na mtetemo wake, kisha anapiga hesabu kujua kifaa kipi kitachoka lini. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akanogewa. Mzee anamtamani mpaka anakonda, ila kusema hataki. Anataka hesabu.

— Kocha, anza wewe, Beringi akasema. Atarudi?

Kocha anafundisha timu ya mtaa na hapangi kikosi bila takwimu.

— Kijana yuko ugenini. Timu ikikaa sana ugenini inazoea uwanja, mabao ya nyumbani yanapungua. Modeli yangu inampa asilimia thelathini.

— Thelathini! Beringi akaruka. Wewe ulishawahi kutabiri mechi ikawa?

— Marefa ndio wananiharibia.

Sensa, karani wa kuhesabu watu, akaweka kikombe chini.

— Acheni mpira. Vijana wanaohama hurudi wakishapata watoto. Chukua umri wa kuoa, jumlisha ujauzito, toa uvivu...

— Uvivu unautoaje? Beringi akauliza.

— Kwa makadirio, ndugu yangu. Halafu wewe Beringi nyamaza kabisa. Nilipokuja kuhesabu kwako, si uliniambia kijana naye kalala humo?

— Kitanda chake nilikuwa nimekitandika.

— Kitanda hakihesabiwi, Beringi.

Hapo hata mimi nilijifanya nakoroga kahawa. Beringi akakohoa, akatoa hesabu yake.

— Mimi namsikiliza akinipigia simu. Zamani aliongea mbiombio, siku hizi anasitasita. Mashine ikianza hivyo imechoka, na ikichoka inarudi karakana. Kabla ya mvua atakuwa hapa.

— Au ana mafua, Kocha akasema.

Mama mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, alikuwa amesimama akisubiri nimjazie chupa yake.

— Samahani, baba zangu. Kwani huyo kijana ameambiwa arudi?

Sensa akamtazama Kocha, Kocha akamtazama Beringi.

— Yule ni mtu mzima, Beringi akasema. Nikimwambia, atakuja kwa kunionea huruma. Hesabu itaharibika.

— Hesabu ya nani, baba?

Beringi akatoa simu. Vidole vinavyofungua pampu nzima vikahangaika na kitufe kimoja. Tulisikia wote, maana kelele za mitambo zimemfanya mzito wa kusikia, na simu yake huiweka spika.

— Baba! Nani kafariki?

— Hakuna, mwanangu. Wazima wote.

— Pampu imekuumiza?

— Hapana. Nimekukumbuka. Kila siku nakukumbuka. Nataka urudi nyumbani.



— Sasa baba, miaka yote hii mbona hukusema?

Beringi akatutazama mmoja mmoja, macho yamejaa machozi, akitafuta wa kumsaidia jibu. Sensa akaangalia barabarani. Kocha akainama kufunga kamba za viatu vyake, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.